Nyigu Mwenye Msumeno

Mume wangu alikuwa mlinzi wa msitu huko Kisarawe, enzi za Mwingereza. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alirudi nyumbani na tawi lililojaa viwavi wa kijani wenye vichwa vyeusi. Akaniambia niliguse. Nilipoligusa, wote kwa pamoja wakainua mikia juu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Miaka yote aliyotembea msituni hakuwahi kuwaona, na siku hiyo walikuwa kwenye mti mmoja tu, karibu na kijito.

Niliwatia katika chungu kikuukuu cha mama mkwe, chenye udongo ndani, nikafunga mdomo wake kwa kipande cha kanga. Kila asubuhi niliwaletea majani ya mti wao. Wakala, wakanenepa, kisha wakatoweka. Mume wangu alisema wamekufa, nimwage. Nikachokoa udongo kwa kidole, nikakuta vifuko vidogo vigumu vya kahawia. Nikavifukia tena. Kiangazi kizima mama mkwe alidai chungu chake.

Masika yalipoanza nikasikia mvumo chini ya kanga. Nilitarajia vipepeo. Kumbe ni wadudu kama nyigu, weusi, tumbo rangi ya chungwa, ila hawana kile kiuno chembamba cha nyigu. Mume wangu alishika ufagio. Mimi, sijui ujasiri niliutoa wapi, niliingiza kidole. Mmoja akapanda, akatembea hadi kwenye ukucha. Hakuuma.

Nilikimbia kuchuma tawi bichi. Jike likatua ukingoni mwa jani, likakunja mkia, ukatoka msumeno mwembamba kama unywele, ukaanza kukata. Nikamwita mama mkwe. Aliinama hadi pua ikakaribia jani.

"Mwanangu, huyu anapasua jani na kuficha mayai ndani," alisema taratibu. "Nimezeeka sijaona kitu hiki."

Habari za chungu hakuzitaja tena.

Bwana miti, mkubwa wa mume wangu, aliomba wawili akawapeleka Dar es Salaam. Aliporudi alituambia kwamba huko nako hakuna aliyewatambua. Waliobaki tuliwarudisha kwenye mti wao.

Kabla masika hayajaisha, mume wangu alikuja mbio kutoka msituni, kofia mkononi, akatuambia tumfuate. Miti mingine miwili ng'ambo ya kijito ilikuwa imejaa viwavi. Mama mkwe alikaa kwenye gogo akiwatazama, na tulipomwambia twende nyumbani alisema tutangulie.