Wosia wa Salma kwa Wifi Yake

Usiku ule nililala na nia mbaya, na sioni haya kuisema. Jikoni kwangu, ndani ya beseni, alikuwa akihema mnyama aliyeachwa na shoga yangu Salma, Mungu amrehemu. Ni aksoloti, kiumbe wa majini mfano wa mjusi, mwenye matamvua mekundu yaliyochomoza nje ya shingo. Ndiyo anayopumulia, na sasa yalikuwa yamesinyaa.

Aliyemfikisha kwenye hali hiyo ni Mwanaidi, wifi yake Salma. Siku ya kuanua tanga nyumba nzima ya marehemu ilisuguliwa, na yeye akaliosha tangi kwa sabuni, mpaka sponji ya chujio, kisha akamrudisha mnyama kwenye maji ya bomba yanayonuka dawa. "Nimesafisha tu jamani," akaniambia, na kicheko kikamponyoka. Kicheko kile ndicho kilichonichoma. Nikamchukua mnyama kwangu, nikapanga kesho yake nikamwaibishe mbele ya mtaa mzima.

Nikasinzia. Salma alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwangu, kanga kaifunga kifuani, mikono imelowa. Hakunisalimu. Anatandaza mchanga mwororo chini ya tangi, na kila akikuta kokoto anaitupa, maana mnyama huyu humeza kokoto zikamziba tumbo. Nataka kumwambia nimemkumbuka. Ananitangulia.

"Bado anahema?" akauliza.

"Bado."

Mara pale si jikoni tena. Tuko chumba alichougulia, yeye yuko kitandani, na Mwanaidi kasimama mlangoni anasema, "Na hili jini lako, utalifuata kaburini au litakufuata?" Salma anageuzia uso ukutani. Sikuwahi kuyajua haya. Nikalia kwa hasira, nikaapa nitakwenda kumng'oa nywele.

Salma akacheka, wala si kicheko chema.

"Nywele zitaota, shoga. Usimsamehe, ila usimguse. Mnyama namwachia yeye. Huo ndio wosia wangu."

"Atamuua!"

"Akae kwako. Mikono iwe yake, macho yawe yako."

Na hapo hapo Mwanaidi yuko sakafuni kwangu, amepiga magoti. Anabeba ndoo ya maji yaliyolala wazi tangu jana ili dawa iishe. Anazamisha chupa ya barafu, kwa kuwa joto la Tanga humuua huyu polepole. Anashika nyungunyungu wa kumlisha kwa vidole viwili, uso kaugeuza, anataka kutapika. Anasuuza sponji bombani, Salma anamwambia, "Rudia." Sponji husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwani ndani yake wamo vijidudu wanaokula uchafu, na bila wao maji huwa sumu. Mwanaidi anarudia. Anakosea tena, anarudia tena. Nilikuwa nikitazama na moyo wangu umejaa raha, Mungu anisamehe.

Nikazinduka, kumekucha. Nilikimbilia kwenye beseni. Alikuwa hai, tamvua moja likicheza kwa shida. Nikampunguzia maji machafu, nikamwongezea yaliyolala, nikasogeza beseni penye kivuli. Kisha nikampigia Mwanaidi, mtu ambaye akimwota marehemu hanywi chai kabla hajatoa sadaka.

"Da Mwanaidi, Salma kanijia. Amekuachia wosia."

Nikasikia akiweka kikombe chini.

"Kasema nini?"

"Yule mnyama ni wako. Atakaa kwangu, wewe utakuja kumhudumia kila asubuhi. Maji, barafu, chakula, kinyesi chake. Nitakuelekeza."

"Kila asubuhi? Mimi nitawezaje..."

"Kama huwezi, mjibu mwenyewe akikujia."

Kukataa wosia wa maiti hakuthubutu, nami nilijua hatathubutu.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Mpaka lini?"

Nikamtazama yule mnyama, nikasikia utamu ambao sikuwa nimeupata tangu tumzike Salma.

"Akitunzwa vizuri, hufika hata miaka kumi na tano," nikamwambia. "Na wewe utamtunza vizuri."