Nyaya Alizozipanga Tuyizere

Tuyizere hakuweza kuvumilia kitu kisicho mahali pake. Sufuria zake zilitundikwa ukutani kuanzia kubwa mpaka ndogo, na ole wake mgeni aliyerudisha kikombe pasipo pake. Majirani wa mtaa wa Kasingirima, Ujiji, walimcheka. Wacha wacheke! Alivushwa kutoka Burundi mgongoni kwa mama yake, akakulia kambini, kambi ikafungwa wakapelekwa nyingine, na kila walipohama kuna kitu kilibaki nyuma. Mtu wa namna hiyo akipata ukuta wa kutundikia sufuria, mwache atundike.

Ukuta huo aliupata kwa Haruna, mwana wa Ujiji kindakindaki. Kwao Tuyizere walisema, kwa kina Haruna wakasema mara mbili, ndoa ikafungwa, Yusra akazaliwa, midomo ikachoka. Haruna alikuwa fundi wa mitambo wa benki moja yenye kompyuta kuu kule Dar es Salaam, na nyingine ya akiba hapa Kigoma, ya kushika kazi endapo ile ya Dar itapatwa na jambo. Tuyizere alifanya usafi katika jengo hilohilo.

Mwaka ule meli ilipokuwa ikishusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kule mpakani, wamejitwika magodoro na watoto, Tuyizere aliwatazama bandarini akarudi nyumbani kuzipanga upya sufuria zake. Haukupita muda, benki ikatoa habari: mtambo wa Kigoma utajaribiwa. Ukishindwa, chumba chake kitafungwa na Haruna atahamia Dar.

"Baba Yusra," Tuyizere alisema, "Dar utakwenda peke yako. Mimi sihami tena."

Haruna alimjua mkewe. Hakuwa akitania.

Basi akajifungia na swichi yake. Swichi ni sanduku lenye matundu mengi. Nyaya nyembamba za kupitisha mwanga hutoka kwenye kompyuta kuu, hupita hapo, na kwenda kwenye makabati yanayohifadhi kumbukumbu zote za benki. Kila tundu lina anwani yake, na kompyuta kuu imekaririshwa anwani hizo: kabati hili liko hapa, lile liko pale. Ukihamishia waya tundu la jirani, haitafuti wala haiulizi. Inasema kabati halipo, basi. Haruna alihangaika nazo mpaka makabati yote yakaonekana, kisha akaenda uwanja wa ndege kumpokea mkaguzi wa kusimamia jaribio.

Tuyizere akabaki na kitambaa chake. Mgeni anatoka Dar kuja kuamua maisha yao, na chumba kina vumbi! Alifuta kila mahali. Mwisho macho yakatua kwenye swichi: waya huku, matundu matupu katikati, waya mwingine kule, kama meno ya mzee.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema, "mgeni atatuonaje?"

Akazichomoa kwa mkono wa upole, akazichomeka upya kwa mfuatano bila kuacha pengo, akazifunga pamoja kwa utepe. Zilipendeza. Nitamtetea mbele ya yeyote yule: zilipendeza kweli.

Mkaguzi, Bwana Leonardi, aliingia akasifu usafi. Wakaanza jaribio. Kompyuta kuu ikasema makabati hayapo. Haruna akaitazama swichi, akakitazama kitambaa mkononi mwa mkewe, akaelewa.

"Ni mimi," Tuyizere alisema kabla hajaulizwa. "Nilitaka zikae vizuri." Akilini alishayaona mabegi ya kuhama mlangoni.

Leonardi hakuwa mtu mbaya. "Usijali, dada, tunazirudisha tu," alisema, akanyoosha mkono kuchomoa waya wa kwanza.

"Ziache, Bwana Leonardi," Haruna alisema.

Akavuta kiti, akafungua laptopu. Swichi za aina ile zina hisani moja: unaweza kuliamuru tundu hili lichukue anwani ya lile, na lile lichukue ya hili, waya usiguswe. Lakini ni kazi ya kuchosha. Unazima matundu mawili, unayabadilishia anwani, unayawasha, unaanza mengine, na ukikosea mahali pamoja unavuruga yote. Haruna alitoka jasho ndani ya chumba chenye baridi. Tuyizere alisimama pembeni, hathubutu hata kukohoa. Kabati moja likaonekana. Likafuata jingine, na jingine, mpaka yote yakarudi, na jaribio likapita.

"Fundi, umejitesa bure," Leonardi alisema akicheka. "Tungezichomoa zile nyaya, saa hizi tungekuwa tumeshakunywa chai."

Haruna, ambaye tangu siku ya posa hakuwahi kumwambia mkewe neno tamu hata kwa bahati mbaya, alikuwa anafunga laptopu yake.

"Huyu amehamishwa vya kutosha," alisema. "Zitakaa hapo alipoziweka."

Tuyizere alilia palepale mbele ya mgeni, akajifuta machozi kwa kitambaa cha vumbi mpaka uso ukawa mweusi. Haruna akaona haya, akatoka kwenda kuagiza chai.