Gari la Baba Lilipofika Ibadakuli

Wiki iliyopita nilikuwa gereji moja mjini Kahama, nimekaa juu ya tairi kuukuu, nashindwa kutulia. Nasimama, nakaa, nachungulia chini ya boneti kana kwamba najua ninachokitazama. Fundi alijifuta mikono kwa tambara akaniambia, "Dada, hii injini inabidi ifunguliwe yote. Nikiitengeneza itakusogeza. Ila kama una uwezo, achana na gari hili, tafuta jingine." Kisha akaenda zake kunywa chai. Harufu ya oili iliyoungua ilikuwa imejaa pale, na harufu hiyo, ndugu yangu, ndiyo iliyonirudisha Segese, kwenye uwanja wa nyumba yetu.

Baba alikuwa na pikapu iliyotuzidi umri mimi na pacha wangu. Rangi yake ya kijani ilibaki kwenye milango tu. Msimu wa pamba ilibeba pamba. Miezi mingine ilibeba wachimbaji wadogo waliokwenda Bulyanhulu, wamekalia sururu zao na madumu ya maji. Asubuhi haikuwaka bila kusukumwa, na kazi hiyo ilikuwa yetu sisi wasichana wawili. Mama alitupatia matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, pamoja na karanga, nasi tukasukuma huku tunatafuna. Gari likikohoa na kuwaka, moshi ulitufunika, tukacheka mpaka karanga zikatupalia.

Nyumbani swali lilikuwa hilo hilo kila mwezi: litengenezwe au liuzwe? Mama alitaka liuzwe. Jirani, ambaye hata baiskeli hakuwa nayo, naye alitaka liuzwe. Baba alijibu, "Ng'ombe anayekamuliwa hachinjwi."

"Na anayekupiga teke kila ukimkamua?" mama alimuuliza.

Baba alicheka, akajilaza chini ya gari lake na spana mkononi.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, baba mwenyewe aliacha kuliamini. Kahama, alikokuwa akienda kila wiki, akaanza kwenda kwa nadra. Baadaye akawa anaishia gulioni tu. Mama ndiye aliyeliona hilo mapema. "Baba Kulwa," alimwambia siku moja tukila, "zamani ulikuwa unaliamuru gari. Siku hizi gari ndilo linalokuamuru." Baba akamega ugali.

Alasiri moja tulikuwa tunabangua karanga uani, kondakta wa basi lililotoka Shinyanga akaja mbio na ujumbe. Bibi, mama yake mama, alikuwa mgonjwa sana kule Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na alikuwa akimwita mwanawe. Mama aliacha karanga kwenye ungo, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha safari. Mabasi ya kurudi Shinyanga yalikuwa yamekwisha kwa siku ile. Baba alikuwa amesimama kando ya pikapu, mkono juu ya boneti.

"Tuondoke kesho, Mama Kulwa. Gasketi inavuja, injini itachemka. Tukikwama porini na watoto itakuwaje? Fundi aje asubuhi aifunge."

"Mama yangu ananiita leo."

Baba alifungua boneti, akaifunga. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akaifungua tena. Mama alikaa kizingitini na mkoba wake magotini mpaka giza likaingia. Sisi tuliokuwa tumezoea kelele zao juu ya gari, kimya kile kilitutisha.

Asubuhi fundi alichelewa. Baba akashindwa kuvumilia. "Sukumeni!" alisema. Tukasukuma, likawaka, tukarukia nyuma, tukaondoka na gasketi ile ile mbovu. Na gari likaenda. Tukaipita Kahama, tukaipita Isaka, tukaipita Tinde. Kila mlima niliomba lisizimike, na halikuzimika. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona baba akitupia macho mshale wa joto kila mara, kama mtu anayeutaka upande. Haukupanda. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo mtoto hapaswi kulielewa: jana yake pia lingefika.

Tulipokata kona ya Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege, tukaona wanaume wenye majembe nyuma ya ua wa minyaa. Bibi alikuwa amefariki alfajiri. Mama mdogo alikuja kutupokea, akamshika mama bega dirishani. "Alikuulizia, dada. Alikuulizia mpaka akachoka." Mama alishuka bila kufunga mlango.

Baada ya matanga baba aliliuza gari. Mimi nilimuuliza, kwa ujinga wa utoto, "Baba, mbona unaliuza na lilifika?"

"Lilifika, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye ambaye sikufika."

Mnunuzi alitaka injini tu, akaifunge kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Tangu hapo, kila tukipita kwenye makarasha, baba alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza katikati ya mngurumo ule wote. "Ile ya tatu," alikuwa akisema. "Ile ndiyo yetu." Alisimama hapo hadi mama amguse mkono. Zamani nilidhani analikumbuka gari lake. Leo sidhani hivyo.

Pale gereji, fundi alirudi kutoka kwenye chai yake. "Umeamuaje, dada?"

Mama sasa anaishi Ibadakuli, kwenye kiwanja cha bibi. Mwaka huu nimemwambia mara tatu, "Gari likipona nitakuja."

"Nitafutie mteja," nikamwambia fundi, nikachukua mkoba wangu, nikaenda stendi kupanda basi la Shinyanga.

Segese ya utoto wangu haipo. Uwanja wetu umejengwa fremu za maduka, makarasha yale yamehamishwa, na baba ametutoka. Lakini nikiwa dirishani mwa basi, nilimwona tena kama alivyokuwa miaka yake ya mwisho. Akiitwa kwa mgonjwa, iwe jua, iwe mvua, hakuuliza kuna usafiri gani. Alivaa viatu, akatoka barabarani, nasi tukimkimbilia na kumwuliza atafikaje, alijibu bila kugeuka, "Gari tutalikuta mbele."