Kinanda cha Umeme wa Kwao

Miaka ile redio ilitufundisha kujitegemea kutwa kucha, na sisi kanisani Bukoba tukapokea kinanda kutoka Marekani kama tumeletewa masihi wa pili.

Mimi ndiye niliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya. Naanza mstari peke yangu, kisha kinanda cha kukanyaga kinaingia, na hatukuwahi kupishana. Kila Jumapili nilitoka Buhembe kwa miguu kwa ajili ya mstari ule mmoja. Sikuwa na kingine cha kujivunia, na sioni haya kusema hivyo.

Kinanda kipya kilikuja na transfoma yake, chuma kizito cha kupunguza volti zetu zilingane na za kwao. Kina mama wakaifunika kitambaa cha kufuma, maana zawadi haiachwi uchi. Ikawa inanguruma ibada nzima, na ukiigusa inaunguza.

Siku ya kwanza nikaanzisha. Kinanda kikaingia chini kabisa, mbali nami. Watu wakageuka. Mwalimu wa kwaya akaniambia mbele ya wenzangu, "Waitu, mwenzetu, acha kupayuka. Kitu kimetoka Marekani, kitakosea?" Wiki iliyofuata nikashusha sauti, bado tukapishana. Mwisho nafasi yangu akapewa mkewe, nami nikawekwa nyuma, sauti ya pili. Nilikaa huko zaidi ya mwaka. Nyumbani nilijiimbia noti moja moja nikiwa jikoni, nisiamini hata moja.

Kisha transfoma ikaungua katikati ya ibada ya Krismasi, pamoja na kitambaa chake. Fundi aliyeitwa akasoma kibati cha nyuma ya kinanda, akacheka.

"Vitu hivi ni vya umeme unaopiga mara sitini kwa sekunde. Wetu unapiga hamsini. Transfoma inashusha volti tu, mapigo haiyabadilishi, na yenyewe inachemka bure. Mota ya kinanda nayo inazunguka polepole, kwa hiyo sauti zote zinashuka."

"Basi mimi nilikuwa sawa?" nikamuuliza.

"Sawa kwa lipi, mama?"

Mwalimu wa kwaya alikuwa pale pale, amesikia yote. Akafuta miwani yake. Hakuniomba radhi, nami sijamsamehe.

Jumapili iliyofuata tulirudi kwenye kinanda cha kukanyaga, naye akanipa ishara kwa kichwa nianzishe. Nikasimama. Nikafungua mdomo, kanisa zima likingoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujua niingie wapi.