Mabomba ya Pembeni na Gari la Baba

Baba alipofariki alituachia kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kule Uru mlimani, pamoja na gari la spoti la viti viwili, la zamani, lililokaa chini kama kobe. Kuhusu kihamba hakuna aliyebishana. Gari ndilo lililoleta maneno. Mimi nililishusha hadi kwangu Shirimatunda, chini ya mlima. Kaka yangu wa Dar alisema liuzwe, na tayari alikuwa ameshapata mnunuzi Arusha. Mama, mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu, alitoa hukumu huku akimenya ndizi. Siku ya Krismasi gari limpeleke misani na kumrudisha bila yeye kushuka njiani hata mara moja. Likishindwa, liuzwe.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Barabara ya kwetu ina mawe yaliyochomoza, na ekzosi ya lile gari, yaani bomba la moshi, ilipita chini ya tumbo lake. Mara ya mwisho nilipompakia Mama, iling'oka tukiwa katikati ya mlima. Nikaifunga kwa kamba ya mgomba, kama tunavyofunga kila kitu kwetu, nikasahau kwamba ekzosi ni moto. Kamba iliungua kabla hatujafika kona. Mama alishuka, akakung'uta kitenge chake, akatembea mbele yangu hadi kanisani bila kugeuka nyuma.

Basi nikaagiza mabomba ya pembeni kutoka ng'ambo, yale yanayotoka ubavuni na kulala chini ya milango, mbali na mawe. Kila aliyeuliza nilimweleza habari za mawe. Sikueleza kwamba yalikuwa yanang'aa, na kwamba mimi, binti yake wa miaka hamsini na miwili, mwalimu wa fizikia, niliyafungua sebuleni na kuyafuta kwa kitambaa cha miwani.

Fundi wangu yuko mjini. Ni Mwislamu wa ukoo ambao umechomelea mageti na nondo za madirisha tangu enzi za babu yake, na wateja anaotaniana nao ni wale anaowapenda tu. Aliyatazama yale mabomba kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, haya ni ya gari au ya kinanda cha kanisani?"

Bomba la kushoto lilikubali Jumamosi ya kwanza. La kulia lilikataa katakata. Lilikuwa limetengenezewa gari la usukani wa kushoto, kwa hiyo mahali lilipotaka kupita ndipo hasa mhimili wa usukani wetu ulipokaa. Nilipendekeza tulibonyeze kwa nyundo. Fundi alinijibu kwa heshima kwamba ningemfundisha hivyo darasani, angehama shule. Alilijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, akalipasha moto hadi likawa jekundu, kisha akalikunja polepole kati ya vyuma viwili vilivyosimikwa sakafuni. Mchanga ulizuia bomba lisikunjamane. Kosa la nukta moja lilitosha kuanza upya, na tulianza upya mara tatu. Jumamosi hadi Jumamosi nilikaa juu ya kopo la rangi nikitoa ushauri wa kitaalamu. Yeye alisema "Naam, Mwalimu" kwa kila neno langu, akafanya alivyotaka.

Asubuhi ya Krismasi nilipanda Uru. Hakuna jiwe lililogusa chuma. Kelele, nakiri, zilikuwa nyingi kidogo kwa siku ya kuzaliwa mtoto mchanga, na mbuzi wa jirani mmoja walikata kamba. Nilifika kwetu nimetabasamu hadi mashavu yanauma. Mama alikuwa bado anavaa. Niliogopa kuzima injini, maana likizima huchagua lenyewe wakati wa kuwaka, kwa hiyo nikaliacha likinguruma kwenye kinjia chetu, ubavu mmoja kwenye migomba, ubavu wa pili kwenye masale.

Yale masale, mimea ya majani marefu, ni mpaka kati yetu na baba mdogo, na aliyeyapanda ni babu. Mama alipokwisha kuketi na kutandaza kitenge chake vizuri ndipo nilisikia harufu. Kama hatua mbili za ua wa masale zilikuwa zimenyauka na kuwa kahawia, mbele ya bomba langu zuri. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba isale halichezewi. Ni mpaka, na ndilo jani analolibeba mtu anapokwenda kuomba msamaha.

Baba mdogo alitoka akiwa ameshavaa suti. Aliutazama ua, akalitazama bomba, akaenda kusimama mbele ya gari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hakusogea. Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Mama hakushuka, kwa sababu kushuka kungekuwa kuliuza gari, naye ni mtu wa haki. Alitazama mbele moja kwa moja kama abiria wa ndege, akaniambia, "Kachume jani."

Jani la karibu lilikuwa kwenye ua ule ule nilioubabua. Nilitafuta lenye afya, lakini hata lile bora lilikuwa limeungua nchani. Nikalipeleka kwa mikono miwili. Aliyeletewa isale hawezi kukataa, na baba mdogo hakukataa. Alilipokea, akaitazama ile ncha, na masharubu yake yakacheka kabla yake. Halafu akaniuliza naomba msamaha wa nini. Nikasema wa kuunguza mpaka.

"Masale yatachipua," alisema. "Tangu baba yako aondoke, Jumamosi zako zote ziko kwa fundi. Mama yako anakula peke yake. Omba msamaha wa hilo."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshika masikio. Nilijiambia muda wote ule kwamba namtunza Baba, kumbe aliyekuwa hai nilimwacha mlimani na sufuria moja. Nikamgeukia Mama dirishani, nikamwambia anisamehe. Aliendelea kunyoosha kitenge chake, ambacho hakikuwa na mkunjo wowote.

"Twende, tutachelewa," alisema.

Baba mdogo alipisha njia. Tulikwenda misani, tukarudi, na Mama hakushuka njiani hata mara moja. Uani alikivuka kile chuma cha moto kwa hatua moja ndefu kuliko umri wake, akanigeukia akiwa amenyoosha mkono.

"Haliuzwi," alisema. "Ila litalala hapa. Lete ufunguo."

Niliteremka Shirimatunda kwa bodaboda, nikiwa na gauni langu la Krismasi. Jumamosi iliyofuata nilipanda, na nyingine, na nyingine. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga yake, na mpaka leo nimekumbuka kuuomba mara moja tu.