Barua Iliyokosa wa Kuipeleka

Saa moja na nusu asubuhi, mtu wa mwisho ofisini anafika wa kwanza. Anafungua madirisha ya ghorofa zote tatu, anafuta vumbi kwenye meza ya Meneja Utumishi, kisha anaketi kwenye benchi lake chini ya ngazi, kitabu cha kupokelea barua kikiwa kwapani.

Cheo chake kamili ni Tarishi Msaidizi, Daraja la Chini. Tarishi aliyepaswa kumsaidia alistaafu miaka tisa iliyopita na hakuletwa mwingine. Tangu hapo anasaidia kiti.

Wenzake humwita Soli, kwa heshima ya viatu vyake, ambavyo hufariki kila baada ya miezi minne. Huitwa pia kabwela, kidagaa na, kukiwa na haraka, "wewe hapo". Anaitika yote bila ubaguzi.

Leo ni Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, na Soli hana raha.

Jumatatu alikabidhiwa bahasha ampelekee "Tarishi Msaidizi". Alipanda ngazi hamsini na mbili, akashuka, ndipo akatambua kwamba anayemtafuta ndiye aliyevaa viatu vyake. Mhazili wa meneja alimnong'oneza yaliyomo: nafasi yake inafutwa. Akiipokea kabla mwezi haujaisha, anaondoka bila pensheni, miezi kumi na moja kabla ya kustaafu. Asipoipokea, suala linarudi kwa bodi, na bodi hukutana mara moja kwa mwaka; ya mwaka huu imeshakutana mwezi huu.

"Saini basi, mzee wangu, yaishe," mhazili alimwambia.

Soli alimrudishia bahasha, akafunua ukurasa wa kwanza wa kitabu. Kuna kanuni pale, imepigwa mhuri na meneja mwenyewe: mpeleka barua haruhusiwi kujisainia.

"Sijakataa barua," anaeleza. "Nipo hapa benchi. Aje mtu aniletee."

Hapo ndipo ofisi ilipokwama. Karani wa masjala alisema yeye ni Daraja la Pili, na kubeba kitabu kile ni kujishusha. Dereva alisema yeye hupeleka wakubwa, hapeleki bahasha. Mlinzi, ambaye kila mtu alidhani yuko chini ya Soli, alileta barua yake ya ajira kuthibitisha kwamba yuko juu yake kwa nusu daraja.

Nyumbani nako kuna maswali. "Mke wangu kila jioni ananiuliza, 'Baba watoto, ile barua imefika?' Namwambia ipo njiani. Juzi akauliza, 'Kwani anaileta nani?' Tukacheka mpaka chai ikapoa."

Saa tisa na nusu alasiri, mlango wa ghorofa ya tatu unafunguka. Meneja Utumishi anateremka mwenyewe, bahasha mkononi. Soli anasimama na kufunga vifungo vya shati. Hacheki tena.

Meneja amebakiza ngazi sita. Dereva, aliyeegemea ukuta, anamwona.

"Shikamoo, tarishi!" anasema.

Masjala nzima inaangua kicheko. Meneja anaitazama bahasha, anaitazama masjala, kisha anapapasa mifuko kama mtu aliyesahau miwani. Miwani iko usoni. Anageuka na kupanda alikotoka.

Saa kumi kamili ofisi inafungwa. Soli anaketi, anavua kiatu cha kulia na kukikung'uta mchanga.

"Miezi kumi na moja," anasema. "Nikimaliza, nitakaa uani kwangu, na barua zangu ataniletea mtu mwingine."

Kabla ya hapo ana ombi moja, ameshaliandika kwa mkono: neno "Msaidizi" liondolewe kwenye cheo chake, kwa kuwa hakuna tarishi ambaye yeye anamsaidia. Barua hiyo ya ombi inakwenda kwa meneja Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Hii itafika," anasema akikipigapiga kitabu. "Naipeleka mimi."