Munjiya na Wakaguzi wa Ain Rihan

Katika mji mdogo wa Ain Rihan, kule milimani karibu na mpaka wa Algeria, hakuna aliyemwita Munjiya Weslati kwa jina la baba yake. Wengi walimwita kwa heshima Lalla Munjiya, yaani Bibi Munjiya, na wengine mama tu, maana nusu ya vijana waliokuwa wakishinda mikahawani kucheza karata walipokelewa duniani kwa mikono yake. Alikuwa mkunga wa hospitali ya pale tangu alipotoka chuoni akiwa msichana mbichi, na sasa magoti yalikuwa yakimlia akipanda ngazi. Mume hakuwahi kupata. Mwenyewe alisema wote waliokuja kumposa walimkosa, maana walikuja siku za zamu.

Zamani wodi ya wazazi ilikuwa na wakunga wa kutosha na daktari wa wanawake aliyepanda milima kila wiki. Kisha mmoja akastaafu, mwingine akamfuata mumewe pwani, wawili wakapata kazi nchi za nje, na hakuna aliyeletwa badala yao. Daktari naye akafungua zahanati yake mjini, akasahau njia. Munjiya akabaki na Mabruka, mfagiaji, mwanamke wa miraba minne mwenye mdomo usio na breki. Kwa sheria Mabruka hakuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Kwa hali ilivyokuwa, yeye ndiye aliyewashika wazazi miguu.

"Wewe ukifa," Mabruka alizoea kumwambia, "mimi ndiye profesa hapa. Ofisi nimeshachagua."

"Chukua na magoti yangu kabisa," Munjiya alimjibu.

Walitaniana hivyo mpaka msimu wa baridi aliokufa Wided.

Wided alikuwa mke wa mfuga kondoo wa vijiji vya juu. Aliletwa asubuhi nyuma ya pikapu, amefunikwa mablanketi, na juu ya mablanketi theluji. Alijifungua mtoto wa kike bila matata. Lakini chumba cha pili alikuwamo msichana ambaye mtoto wake ametanguliza makalio, na mkunga alikuwa mmoja. Munjiya akamwachia Mabruka yule aliyekwisha kujifungua, akaenda kwa yule ambaye bado. Aliporudi, shuka lilikuwa limelowa damu mpaka sakafuni, na Mabruka alikuwa akilikanda tumbo la Wided kwa nguvu zake zote huku akiita watu kwa kelele.

Damu ya kumwongezea haikuwapo, kwa kuwa jokofu la damu lilikufa tangu kiangazi. Ambulensi ilikuwa imempeleka mzee wa moyo hospitali ya mkoa, safari ya saa mbili za kona juu ya kona. Wided alimshika Munjiya mkono akamuuliza mtoto amefanana na nani.

"Na wewe," Munjiya alisema. "Pua yako kabisa."

Ambulensi iliporudi, Wided alikuwa ameshafunikwa uso. Mumewe hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alimtia mtoto ndani ya joho lake la sufu, akauliza kwa upole kama kuna mahali pa kutia sahihi. Upole ule ulimkaa Munjiya rohoni kuliko tusi lolote.

Milozi ilipokuwa ikichanua, baridi ikiisha, habari zikaja kwamba wizara inatuma wakaguzi kuziangalia hospitali ndogo za mkoa: watumishi wangapi, gharama kiasi gani, huduma ya namna gani. Mkurugenzi, Sidi Taib, akamwita Munjiya ofisini. Taib alikuwa mtu mwembamba, sigara haimtoki mkononi, na miaka yote alikuwa akiitia viraka hospitali ile kama mtu anayeshona koti lililooza.

"Kaa, Lalla Munjiya. Wiki ijayo tuna wageni. Vituo vya jirani vitatuazima wakunga kwa siku moja. Jokofu nalo nimeliazima. Wewe ukiulizwa, sema kila zamu ina watu wake."

"Kwa nini niseme hivyo?"

"Wakituona tulivyo, watatufunga."

"Au watatuletea watu."

Taib alicheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Umezalisha mji mzima na bado una akili za kitoto? Hawa hawaji kuleta. Wanakuja kutafuta pa kupunguza."

"Na Wided je, Sidi Taib? Utamwazimia na yeye mtu wa kukaa mahali pake?"

Mkurugenzi aliizima sigara ambayo hata hakuwa ameivuta nusu. "Wided nilimpeleka kwao kwa gari langu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshusha. Usinifundishe habari za Wided. Nakuomba uongo wa siku moja, ili wanawake wa huku wapate mwaka mwingine wa kuwa na wewe."

Munjiya aliinuka, akamtakia siku njema, akatoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Wakaguzi walikuja wakiongozwa na Daktari Hayet Gharsalli, mwanamke wa rika la Munjiya, amevaa viatu bapa na hana makuu. Wakunga wa kuazima walisimama kando ya vitanda, makoti yao meupe bado yana mikunjo ya pasi. Daktari Hayet alimwomba mmoja wao glavu, naye akafungua kabati hili na lile na lile, uso ukamwiva. Daktari akalifunga kabati la mwisho mwenyewe. Baadaye alimwomba Munjiya wakae pamoja, wakanywa chai yenye njugu za msonobari kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Dada yangu," alisema, "nimeuzunguka mkoa huu wote. Kila mahali nakaribishwa chai nzuri na majibu mazuri. Wewe niambie kitu kimoja: ukienda nyumbani kulala, wodini anabaki nani?"

"Mabruka."

"Naye ni mkunga?"

"Ni mfagiaji."

Baada ya neno hilo mengine yalitoka yenyewe. Alimweleza habari za Wided, za jokofu lililokufa na lililoazimwa, za mtungi wa oksijeni uliokuwa umesimama tupu kwa ajili ya kuonekana.  Daktari Hayet aliacha kuandika akavua miwani.

"Nitaandika kwamba mnahitaji wakunga, daktari wa dawa ya usingizi, na damu. Nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe."

"Wataleta?"

"Nitaandika kwa nguvu zangu zote."

Munjiya alijua hilo si jibu. Lakini alikuwa amechoka kuubeba mzigo ule peke yake, akalipokea kama jibu.

Amri ilifika wakati wa kuvuna zeituni. Wodi ya wazazi ya Ain Rihan inafungwa, kwa kuwa wanaojifungua pale ni wachache, gharama ya kila uzazi inapita ile ya hospitali ya mkoa, na watumishi hawatoshi kulinda uhai wa mgonjwa. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Munjiya akahamishiwa hospitali ya mkoa. Taib akapewa kiti katika ofisi isiyo na kazi.

Daktari Hayet alimpigia simu. "Dada, niliandika kurasa na kurasa. Wao wakachukua jedwali moja."

"Jedwali la nini?"

"La gharama."

"Basi mimi ndiye niliyewanolea kisu," Munjiya alisema, akakata simu.

Vijana walichoma matairi barabarani, moshi ukapanda siku nzima, polisi wakaja, wakaondoka, lango la wodi likabaki na kufuli. Haikuchukua muda mji ukajua nani alizungumza na wakaguzi. Munjiya alikwenda kununua mkate kwa jirani yake aliyeoka kwenye tanuri la udongo. "Umekwisha," jirani alimwambia, na mikate ikifuka moshi baina yao.

Mabruka yeye hakunyamaza. Alimfuata mpaka uani akiwa na ufagio mkononi.

"Miaka yote ulimi unao, hukuutumia! Siku ya kuufunga ndiyo ukaufungua?"

"Ningedanganya, Mabruka, mwingine angetufia mikononi."

"Ee, mikononi! Angalau kuna mikono! Sasa watafia wapi? Kwenye kona?"

Munjiya alihama na sanduku moja, akapanga vyumba viwili nyuma ya soko la jumla la mkoani. Hospitali ya mkoa aliikuta wazazi wamelala wawili wawili kitandani, wengine wanatembea ukumbini wameshika kiuno wakisubiri kitanda kiachwe. Wakunga wa pale walikuwa wakikimbia tangu kuingia zamu mpaka kutoka. Wanawake wa milimani nao walizidi kuongezeka, wakifika wamechelewa, wamekauka midomo, wengine na mtoto ameshazaliwa ndani ya gari akiwa amefungwa kwenye koti la dereva.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, pikapu iliingia kwa honi mpaka mlango wa dharura. Nyuma alikuwamo Sihem, mke wa mtoto wa Mabruka, amelazwa chali, kiuno kimeinuliwa kwa magodoro. Mabruka mwenyewe alikuwa amepiga magoti kati ya miguu yake, mkono mmoja haujulikani ulipo. Kitovu kilikuwa kimetangulia kutoka kabla ya mtoto. Mabruka alipata kumwona Munjiya akifanya vile mara moja, miaka mingi nyuma, naye akauingiza mkono akakisukuma kichwa cha mtoto juu kisikibane kitovu, akakaa hivyo kona zote za mlima.

Walimsukuma Sihem mpaka chumba cha upasuaji na Mabruka akiwa bado amepiga magoti juu ya machela. Mtoto alitolewa. Alikuwa wa kiume, mzito, kamili, na hakupumua. Mama yake alipona.

Munjiya alimkuta Mabruka amekaa ukumbini, mkono umemfia mpaka kwenye kiwiko. Akaleta beseni la maji ya moto, akauosha, akausugua kidole kwa kidole. 

"Nilikuwa nausikia mshipa unadunda," Mabruka alisema hatimaye. "Ulidunda, ukadunda. Mpaka pale darajani. Halafu nikawa sisikii. Nikasema labda ni vidole vyangu vimekufa ganzi. Nikasema ni vidole tu."

"Nitukane," Munjiya alimwambia.

"Sina nguvu leo. Nitakutukana Ijumaa."

Munjiya alikwenda kwa wakubwa wa hospitali kuomba chumba kimoja, cha wanawake wa milimani kusubiria siku ya kujifungua. Walimsikiliza vizuri, wakamwambia hakuna fungu. Basi siku ya zamu ya wanawake kuoga alipanda gari la abiria mpaka Ain Rihan, akaingia hamamu, bafu la mvuke la mji. Pale katikati ya mvuke, wanawake wote wapo, hakuna wa kujificha, akasimama na taulo lake kiunoni.

"Aliyekaribia kujifungua asingoje uchungu uanze. Aje akae kwangu. Nina vyumba viwili, na hospitali iko karibu kwa miguu."

Wanawake waliendelea kujisugua.  Kisha sauti moja ikatoka kwenye mvuke: "Kwanza umetufungia hospitali, sasa unatufungulia hoteli?" Wakacheka, na kicheko kile hakikuwa cha kirafiki. Munjiya alijisugua, akajimwagia maji, akavaa, akarudi zake.

Msimu ule hakuja mtu. Mwanamke mmoja aliyekuwamo hamamu siku ile alifia njiani kabla baridi haijaisha, kwa kuwa mumewe alisema wasubiri kwanza kondoo wazae. Munjiya ndiye aliyempokea mlangoni mwa hospitali. Alimtambua kwa alama ya kuungua begani.

Mtu wa kwanza kubisha hodi nyuma ya soko alikuwa Mabruka. Alikuwa na mke wa binamu yake, tumbo limeshuka, na ngozi ya kondoo ya kulalia, na mtungi wa unga wa shayiri uliokorogwa na mafuta ya zeituni. Hakutoa salamu. Alipita, akakagua vyumba, akapitisha kidole juu ya dirisha.

"Vumbi," alisema. "Na unajiita mkunga." Akaomba ufagio.

Baada ya huyo walikuja wengine, si wote. Wapo waliokatazwa na waume zao, wapo waliokatazwa na hasira zao wenyewe. Kuna majira ambapo Munjiya alilala jikoni kwa sababu vyumba vimejaa, akiamka kwenda zamu na mgongo umekauka kama ubao. Mji ulipodhani kwamba akistaafu atarudi nyumbani kwake, hakurudi. Nyumba ya milimani aliipangisha kwa mwalimu, naye akabaki palepale nyuma ya soko, akiwasindikiza wanawake hospitalini kwa mwendo wake wa magoti mabovu, na kuwabishia wenzake wa zamani wampokee mgonjwa wake haraka.

Akipanda Ain Rihan kwa msiba au harusi, kuna wanaomsalimia na kuna wanaovuka barabara. Kufuli la wodi liko vilevile, limeshika kutu.